Bungua wa Shina la Kahawa: Mwongozo wa Kumtambua na Kumpa Jina Lake

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya maafisa ugani, wakaguzi wa afya ya mimea, viongozi wa vyama vya msingi vya ushirika na wakulima wawezeshaji wanaohudumia kahawa ya Arabika katika nyanda za juu za Afrika Mashariki. Unahusu jenasi moja ya mbawakawa wa pembe ndefu, Monochamus, na hasa spishi yake inayoila mibuni yetu, Monochamus leuconotus, ambaye wakulima wengi wa Tanzania wanamwita bungua mweupe.

Shambani neno bungua limebeba mzigo mkubwa. Kila kinachotoboa mti ni bungua. Mkulima hana kosa, kwa sababu jina lenyewe linataja kazi anayoifanya mdudu, si sura yake. Afisa naye akiandika "bungua" kwenye fomu yake na kufunga kalamu, hajaripoti kitu. Katika mbuni wapo waharibifu watatu wa shina na matawi ambao huchanganywa kila msimu, na kila mmoja anadai kazi tofauti. Bungua mweupe yuko chini, kuanzia usawa wa ardhi hadi kama nusu mita ya shina. Huko ndiko mkono wa mkulima unakopaswa kwenda. Bungua mwenye kichwa cha njano, Dirphya nigricornis, anaanzia kwenye ncha ya tawi na kuteremka, kwa hiyo silaha yake ya kwanza ni mkasi. Bungua mweusi wa jenasi Apate si wa familia hii hata kidogo. Huyo anafuatwa kwa waya ndani ya tundu lake, maana anayetoboa ni mdudu mzima mwenyewe. Anayepaka dawa chini ya shina wakati mdudu yuko tawini ametupa fedha, na msimu unaofuata atawaambia majirani kwamba dawa za siku hizi ni feki.

Ndiyo maana jina linatangulia dawa.

Anza na mti

Mara nyingi utaitwa shambani na hutamkuta mdudu. Bungua mweupe hutumia karibu maisha yake yote ndani ya mbuni: kutoka yai hadi mdudu mzima ni mwaka mmoja na nusu hadi miwili, na kwenye miinuko yenye baridi huchukua muda mrefu zaidi. Mdudu mzima hutoka mvua zinapoanza, akatafuna gome laini la vitawi, akapandana, akataga na kufa. Ukipita shambani wakati wa kiangazi, ushahidi ulio nao ni mti tu, na mti unasomeka.

Jike hupasua gome kidogo kwa taya zake karibu na ardhi na kuliingiza yai chini yake. Lava anayeanguliwa hula kwanza kati ya gome na mbao, akilizunguka shina. Huu ndio wakati wa hatari kubwa kwa mbuni mchanga: ukishazungukwa, chakula hakishuki tena mizizini, majani yanageuka njano, mti unanyauka na kufa ukiwa bado haujazaa. Mbuni mkubwa huvumilia zaidi, ila hudhoofika, hukauka ncha za matawi na kuzaa buni chache. Miezi kadhaa baadaye lava huingia ndani ya mbao, na anaweza kuteremka hadi kwenye mzizi mkuu.

Fukua udongo na matandazo kwenye kitako cha shina. Unatafuta unga wa mbao wenye nyuzinyuzi, gome lililovimba au kupasuka, na chini ya gome hilo mfereji mpana usio na mpangilio uliojaa unga ulioshindiliwa. Kuondoa gome ni kuutia mti jeraha, kwa hiyo omba ruhusa. Katika vihamba vya Kilimanjaro, ambako mbuni mmoja huweza kuwa ulipandwa na babu wa mwenye shamba, mambo haya hayafanywi kimyakimya. "Shikamoo mzee. Naomba nibandue gome kidogo hapa chini, mahali pa kidole kimoja tu," yatosha. Usipoomba, utafundishwa adabu, na utakuwa umestahili.

Halafu liangalie tundu. Tundu la bungua mweupe ni duara safi lenye kipenyo cha milimita 8 hadi 10. Penseli inaingia bila kulazimishwa. Hapa maafisa wengi wanakosea, nami nimewahi kukosea hivyohivyo: tundu hilo ni mlango wa kutokea. Mdudu aliyelitoboa amekwisha kuondoka. Ukichomeka spoku ya baiskeli ndani yake na kuchokonoa hadi jioni, unapigana na nyumba tupu. Tundu la kutokea linakueleza kwamba shamba lilishambuliwa miaka miwili iliyopita na kwamba huenda mayai mapya yapo kwenye miti ya jirani. Spoku inafaa pale tu penye unga mbichi unaoendelea kusukumwa nje, kwa maana huko ndani bado kuna anayekula.

Linganisha na majirani zake. Bungua mwenye kichwa cha njano huacha kwenye tawi safu ya vitundu vidogo vilivyofuatana kama vya zumari, na kupitia humo hutema unga wa rangi ya manjano. Tawi hukauka kuanzia nchani. Bungua mweusi hufanya tundu safi lenye njia nyoofu inayopanda juu ndani ya shina, na ukipasua utamkuta mdudu mzima, mweusi tii, akiwa kazini.

Mdudu akiwa mkononi

Sasa tuseme umempata. Labda umemwokota kwenye tawi asubuhi baada ya mvua, labda mtoto wa mwenye shamba amemleta kwenye kopo la mafuta ya kujipaka. Chukua lenzi ya mkono inayokuza mara 10, na usianze na rangi.

Swali la kwanza ni familia. Vipapasio virefu ni dalili nzuri ya familia ya Cerambycidae, lakini si uthibitisho. Wapo mbawakawa wa familia hii ambao vipapasio vyao havifiki hata mwisho wa mwili. Angalia mambo matatu kwa pamoja. Kitako cha kipapasio kimekaa juu ya kinundu, na kipapasio kinaweza kulazwa nyuma juu ya mgongo. Jicho si la mviringo kamili bali lina pengo, kama figo, na pengo hilo linakikumbatia kitako cha kipapasio. Mwisho wayo: unaonekana una pingili nne, ya tatu imegawanyika kama kwato ya mbuzi, na katikati ya kwato hiyo imejificha pingili ndogo sana ambayo hufanya jumla yake iwe tano. Yote matatu yakiwepo, uko kwenye mbawakawa wa pembe ndefu.

Bungua mweusi anaanguka mara moja katika mtihani huu. Ukimtazama kutoka juu huoni kichwa chake, kwa kuwa kidari kimekifunika kama kofia iliyoshushwa hadi machoni, na vipapasio vyake ni vifupi vyenye rungu la pingili tatu nchani. Yeye ni wa familia ya Bostrichidae.

Kufika kwenye familia ni kazi nyepesi, lakini ni kama kuambiwa kwamba mgeni wako anatoka Afrika. Cerambycidae ina spishi zaidi ya 35,000 zilizokwisha kuelezwa na wanasayansi. Lazima uteremke.

Uso, kidari na muundi

Hatua inayofuata ni nusufamilia, na kwetu zinazohitajika kila siku ni tatu. Mshike mdudu ubavuni, umtazame uso.

Uso ukiteremka wima, au ukirudi nyuma kuelekea kifuani kama uso wa mbuzi anayetaka kupiga pembe, huyo ni wa Lamiinae. Thibitisha kwa mambo mawili: pingili ya mwisho ya vipapasi vidogo vya mdomoni imechongoka, na upande wa ndani wa muundi wa mguu wa mbele una mfuo wa mshazari ambao mdudu hutumia kusafishia vipapasio vyake. Mfuo huo huonekana vizuri ukiugeuza mguu kwenye mwanga.

Uso ukielekea mbele, pingili ya mwisho ya mdomoni ikiwa butu kana kwamba imekatwa kwa mkasi, na muundi wa mbele ukiwa hauna mfuo, uko kwenye Cerambycinae. Mfano ulio karibu ni Phoracantha, mharibifu wa mikaratusi ambaye asili yake ni Australia na ambaye siku hizi ameenea katika nchi nyingi za Afrika. Vipapasio vyake vina miiba. Akiokotwa kwenye mkaratusi uliopandwa kandokando ya shamba la kahawa, hulaumiwa kwa mibuni iliyokauka hatua kumi kutoka hapo.

Kidari kikiwa bapa, chenye ukingo mkali uliochongoka meno kama msumeno pande zote mbili, huyo ni Prioninae. Hawa ndio wakubwa wa rangi ya kahawia wanaogonga taa usiku. Macrotoma palmata ni mmoja wao, na kila mwaka huletwa ofisini ndani ya mfuko wa nailoni kwa jina la "mama wa bungua". Mshukuru aliyemleta, umwonyeshe yale meno ya kidari, kisha umwambie kwamba mdudu huyu hana kesi na mbuni wake.

Kutoka Lamiinae hadi Monochamus

Sehemu hii ndiyo ngumu, na ndiyo inayomtofautisha mtambuzi na mbahatishaji. Lamiinae ndiyo nusufamilia kubwa kuliko zote katika familia hii, na imegawanywa katika makundi ya kati. Monochamus iko kwenye kundi la Lamiini. Itazame pingili ya kwanza ya kipapasio, ile nene. Karibu na ncha yake pana kovu: eneo dogo lililokwaruzika, lililozungushiwa ukingo mwembamba, kama muhuri uliogongwa kwenye nta. Kovu hilo likiwepo na ukingo wake ukiwa umefunga mzunguko, umepiga hatua kubwa. Tazama pia kidari: kila ubavu una mwiba mmoja au kinundu kilichochongoka. Muundi wa mguu wa kati una pengo dogo kwenye ukingo wake wa nje. Kucha za wayo zimetanuliwa, moja kulia na nyingine kushoto.

Ndani ya Lamiini, Monochamus ina umbo lake. Mwili umerefuka, mabega ya mabawa ni mapana kuliko kidari, na kwa dume mabawa hupungua upana kuelekea nyuma. Pingili ya tatu ya kipapasio ni ndefu kuliko ile ya kwanza. Vipapasio vya dume huupita mwili kwa mbali sana; vya jike huupita kidogo. Kwa hiyo ukiwa na wadudu wawili, mmoja wa vipapasio virefu mno na mwingine wa wastani, usikimbilie kuandika spishi mbili. Huenda ni mke na mume.

Sasa ndipo rangi inaporuhusiwa kuingia. Bungua mweupe ana urefu wa milimita 25 hadi 35 hivi, ukipima kutoka kwenye paji la uso hadi mwisho wa mabawa, bila vipapasio. Kichwa na kidari ni vya kahawia. Mabawa ya juu, yale magumu, ni meupe au ya kijivu cha majivu katika sehemu kubwa, yakigeuka kahawia kuelekea mwisho. Kwa mdudu aliyetoka shinani juzi, sura hii haina mfano na huhitaji kitabu.

Tatizo ni kwamba weupe huo si rangi ya gamba. Ni vinywele vifupi vilivyolala juu ya gamba jeusi, na vinywele hunyonyoka. Mdudu aliyeishi wiki kadhaa, aliyepandana, aliyepenya kwenye matawi, au aliyekaa siku mbili mfukoni mwa suruali pamoja na funguo, huwa na mabaka meusi ambayo hayamo kwenye picha yoyote. Nimeona ripoti iliyotangaza "aina mpya ya bungua mweusi" wilayani, na sampuli yenyewe ilikuwa bungua mweupe mzee aliyepara. Kovu la kipapasio, mwiba wa kidari na mfuo wa muundi havinyonyoki, na kwa sababu hiyo vimetangulizwa hapa.

Kwa wale wanaofanya kazi magharibi mwa Uganda na upande wa Kongo lipo onyo la ziada. Huko yupo mharibifu mwingine wa shina la kahawa, Bixadus sierricola, naye ni wa Lamiini, naye hula sehemu ya chini ya shina. Dalili za mti peke yake hazitoshi kuwatenganisha hawa wawili. Bixadus ni wa kahawia yenye mabaka ya kahawia nzito zaidi, hana yale mabawa meupe. Lakini kwa mdudu aliyepara, rudi kwenye lenzi au umpeleke kwa mtaalamu. Vilevile usimchanganye na Phryneta, mbawakawa mnene mwenye manyoya mengi ambaye makazi yake ya kawaida ni miti ya tini na jamaa zake.

Majina mawili, mdudu mmoja

Anayefungua vijitabu vya zamani vya kahawa hatamkuta Monochamus leuconotus. Atamkuta Anthores leuconotus, na mara chache jina zito la Herpetophygas. Ni mdudu yuleyule. Francis Pascoe, Mwingereza aliyewataja mbawakawa wengi sana katika karne ya 19, alimweleza mwaka 1869 na kumweka kwenye Anthores. Baadaye wataalamu wa Lamiinae waliona kwamba tofauti zilizotajwa hazitoshi kumtenga na Monochamus, wakamhamishia huko; wapo wanaoendelea kulitumia jina Anthores kama nusujenasi ndani ya Monochamus. Ndiyo sababu jina kamili huandikwa Monochamus leuconotus (Pascoe, 1869). Mabano hayo si mapambo. Yanasema kwamba Pascoe ndiye aliyeieleza spishi, lakini aliiweka kwenye jenasi nyingine. Ukiyafuta kwenye ripoti, umefuta habari.

Mpangilio wa kundi hili haujatulia. Katikati ya karne ya 20 Stephan von Breuning, mtaalamu kutoka Austria, aliipitia nusufamilia nzima ya Lamiinae ya dunia na kuwapa majina maelfu ya mbawakawa. Kazi yake ni kubwa mno, nao wanaomfuata wanaendelea kuipanga upya, siku hizi kwa msaada wa vinasaba. Usishangae jina likihama tena. Kazi yako ni kuandika jina ulilotumia pamoja na majina yake ya zamani, ili atakayesoma miaka thelathini ijayo amfuate mdudu na si herufi.

Kuna mambo mawili ya kazi katika historia hii. La kwanza: ukiandika Monochamus kwenye simu na kutafuta, sehemu kubwa ya majibu itahusu misonobari. Jenasi iliasisiwa na Dejean mwaka 1821 juu ya spishi ya misitu ya misonobari na jamii yake ya Ulaya, na sifa yake duniani inatokana na minyoo wadogo wa misonobari, Bursaphelenchus xylophilus, ambao mbawakawa hawa huwabeba kutoka mti hadi mti. Minyoo hao wameua misonobari mingi Japani, na mwaka 1999 waligunduliwa Ureno. Ushauri unaotolewa huko, mitego yake na sheria zake za mbao, hauhusu kahawa. Hakuna minyoo ya namna hiyo inayobebwa na bungua wetu kwenda kwenye mbuni.

La pili ni zito zaidi. Vijitabu vinavyomwita Anthores mara nyingi ni vya wakati ambapo dieldrini ilipakwa kwenye mashina kama mkanda wa kuzuia bungua. Ilifanya kazi vizuri, na wazee wanaikumbuka kwa hamu. Lakini dieldrini ni mojawapo ya kemikali 12 za mwanzo zilizopigwa marufuku au kuwekewa mipaka na Mkataba wa Stockholm uliopitishwa mwaka 2001, kwa kuwa haiozi na hujikusanya katika miili ya wanyama na watu. Jina la zamani chukua, dawa ya zamani iache humohumo kitabuni. Dawa yoyote unayoitaja kwa mkulima iwe kwenye orodha inayotumika sasa ya mamlaka ya nchi yako. Kwa Tanzania ni Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu.

Funza hana jina

Mara nyingi kilichopo ni funza tu: mweupe wa maziwa, hana miguu, kichwa cha kahawia kimezama nusu ndani ya kidari kilichovimba, mwili una vijinundu anavyojisukumia ndani ya mfereji. Akikomaa hufikia sentimita 4 hadi 5. Kutokuwa na miguu kunakuelekeza Lamiinae, kwa kuwa wa Cerambycinae huwa na vijimiguu vifupi ukitazama kwa lenzi. Zaidi ya hapo, acha. Funza wa Monochamus na wa Bixadus hawatenganishwi kwa macho shambani, na yeyote anayekuahidi kufanya hivyo anakudanganya au anajidanganya.

Njia ya uhakika ni kumlea. Kata kipande cha shina kilicho na lava, sentimita 40 au zaidi, paka nta ya mshumaa kwenye ncha zote mbili ili kisikauke upesi, kiweke ndani ya ndoo au pipa lililofunikwa kwa wavu wa chuma. Wavu wa nailoni ataukata. Weka kivulini, nyunyiza maji kidogo kila wiki, na uwe na subira ya miezi. Njia ya haraka ni maabara ya vinasaba, ambako kipande kidogo cha nyama ya lava kinatosha.

Sampuli na lebo

Mdudu mzima muue kwa kumgandisha kwenye jokofu usiku kucha, au kwenye chupa yenye pamba iliyoloweshwa asetati ya ethili, juu yake kipande cha kadibodi. Mchome pini kwenye bawa la kulia, karibu na bega, isiwe katikati ya kidari. Alama za kidari unazihitaji. Panga vipapasio vilale nyuma kufuata ubavu, kwa maana vikikauka vikiwa vimetanuka vitavunjika kwenye basi kabla ya kufika Moshi. Kabla hajakauka ng'oa mguu mmoja wa kati, uuhifadhi kwenye ethanoli ya asilimia 95 kwa ajili ya vinasaba. Mguu mmoja tu. Mingine ni ya mtambuzi.

Lava mtumbukize kwanza kwenye maji ya moto sana kwa dakika moja, ndipo umhamishie kwenye ethanoli ya asilimia 70 hadi 80. Asiyepita kwenye maji ya moto hugeuka mweusi na kulainika. Swali linaloulizwa kila mafunzo ni kama Konyagi inafaa. Haifai. Kilevi chake ni asilimia 35, nusu ya kinachotakiwa, na funza ataoza taratibu ndani yake huku kila mtu akidhani amehifadhiwa.

Lebo ndiyo sampuli. Mbawakawa mzuri kuliko wote asiye na lebo ni pambo la mezani. Andika kwa penseli au wino usiofutika na maji: nchi, mkoa, wilaya, kijiji, mwinuko kwa mita, tarehe, mti na sehemu ya mti alikokutwa, aina ya kahawa ikijulikana, na jina la aliyekusanya. Mwezi uandike kwa tarakimu za Kirumi, kama desturi ya wadudu ilivyo, ili tarehe 4 mwezi wa 11 isigeuke kuwa tarehe 11 mwezi wa 4. "Kwenye kahawa" haitoshi. "Ndani ya shina, sentimita 15 juu ya ardhi, mbuni wa aina ya N39 wenye unga mbichi" ndiyo lugha inayotakiwa. Zingatia kwamba kahawa chotara mpya zilizotolewa kwa wakulima zilichaguliwa kwa kustahimili chulebuni na kutu ya majani. Mkulima akikuambia "hizi ni za kisasa, hazina bungua," chunguza kama kawaida.

Ukipiga picha, piga nne: mgongo, ubavu, uso, na ncha ya pingili ya kwanza ya kipapasio. Weka rula pembeni. Sarafu hazisaidii, zimebadilishwa mara nyingi.

Kwa Tanzania, sampuli za kahawa zipelekwe Taasisi ya Utafiti wa Kahawa, makao yake Lyamungu, Kilimanjaro. Kwa Kenya ni kituo cha utafiti wa kahawa cha Ruiru, na Makumbusho ya Taifa Nairobi ina mkusanyo mkubwa wa wadudu wa kulinganishia. Sampuli isivuke mpaka bila kibali cha nchi zote mbili, hata ikiwa ni mguu mmoja.

Kuandika jina kwenye ripoti

Jina linaonyesha pia umefika wapi. Una funza peke yake kutoka chini ya shina? Andika "Lamiinae, lava, ndani ya mbuni". Una mdudu mzima mwenye kovu, mwiba na umbo la jenasi, lakini amepara kiasi cha kukutia shaka? "Monochamus sp." Unadhani ni leuconotus, ila bawa moja limeharibika? "Monochamus cf. leuconotus", herufi hizo mbili humwambia msomaji alinganishe kabla ya kuamini. Jina kamili liandike pale tu alama zote zimeonekana kwa macho yako, na uongeze nani alitambua na mwaka gani. Jenasi huanza kwa herufi kubwa, spishi kwa ndogo, yote kwa mlazo. Kwenye fomu ya mkono piga mstari chini.

Wapo wakuu wa ofisi wasiopenda "sp." kwenye jedwali, wakiona kama uvivu. Waeleze kwa heshima kwamba jina lililokisiwa hupita kwenye jedwali la wilaya, likaingia la mkoa, likawa ramani ya uenezi, na baada ya hapo hakuna anayeweza kulichomoa.

Ukimaliza kuandika, rudi shambani kabla ya mvua. Mibuni iliyozungukwa kabisa ing'olewe pamoja na mzizi wake mkuu na ichomwe, isiachwe kama rundo la kuni nyuma ya jiko, kwa kuwa lava aliyekomaa huweza kumalizia ukuaji wake ndani ya gogo lililokatwa na kutoka salama. Ile iliyobaki isafishwe gome lake la chini kwa gunzi la mahindi, likae laini, jike akose pa kupasua. Kipande kimoja cha shina kibaki na wewe, ndani ya pipa lenye wavu, kikiwa na lebo.